Kunguru wa Kizibao Cheupe Yupo Gikomba

Ukimtajia mtu wa Mvita jina la Gikomba, kinachomjia akilini ni robota la mitumba, nyundo za mafundi wa masanduku na, Mungu atuepushe, moto. Ndege hawamjii kabisa. Lakini mwishoni mwa Agosti, kipupwe kikiaga na Nairobi ikiwa bado imejifunika wingu lake, wapo waendao soko lile mapema asubuhi na darubini na daftari, wala hawanunui kitu.

Ni watu wa kujitolea, hawalipwi hata senti. Wanaiandikia Ramani ya Ndege wa Kenya, kazi iliyoanzishwa mwaka 2013, ambayo imeigawa nchi katika miraba ya kama kilomita 9 kila upande. Sharti ni kuangalia kwa saa 2 kwa uchache, na kuandika kila aina ya ndege kwa mfuatano wa kuonekana kwake. Wengine walianzia katika matembezi ya Jumatano asubuhi pale Makumbusho, yaliyoasisiwa na Bi. Fleur Ng'weno mwaka 1971.

Nilifuatana na mmoja wao, kijana auzaye viatu vya mtumba, hadi ukingoni mwa Mto Nairobi, nyuma ya wauza samaki. Maji meusi tititi. Harufu sitaieleza, maana gazeti hili husomwa watu wakistaftahi. Juu ya mabati walisimama korongo wawili wenye vipara na mifuko shingoni, kama mahakimu waliochoka kungoja mashahidi. Mara mwewe akashuka, akanyakua utumbo wa samaki kando ya beseni, na mama mwenye beseni hata hakuinua macho.

"Shehe, mtazame na yule," kijana akasema, akinionyesha kunguru juu ya nguzo ya umeme.

Nilimtazama, nikanyamaza. Mweusi, kifuani kavaa kizibao cheupe. Huyu ndiye kunguru wa Pwani ya zamani! Leo Mombasa utamtafuta uchoke. Aliyejaa ni yule mwenye shingo ya kijivu, kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Unguja katika miaka ya 1890, akavuka bahari, akamsukuma mwenyeji nje ya mji wake. Hula mayai na makinda ya ndege wenziwe, na vifaranga vyetu pia. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori lilitangaza azma ya kuwaangamiza milioni 1 kabla ya mwaka kwisha. Anayedhani wamekwisha na aanike dagaa uani.

Sasa ameanza kupanda bara kwa njia ya Voi. Ndiyo maana kijana ameacha ukurasa mmoja mtupu daftarini, juu kaandika: shingo ya kijivu. Anauchungulia kila wiki, akiomba ubaki hivyo hivyo.

Tuliokaa chuoni twajua kwamba kunguru na mwewe wamo katika wale watano walioruhusiwa kuuawa hata ndani ya eneo takatifu la Makka, na moja ya mapokezi ya Muslim linamtaja kunguru kwa baka lake: al-abqa'. Ajabu ni kwamba kunguru ndiye pia aliyetumwa kumfundisha Qabili kumzika nduguye. Nilimweleza kijana. Akauliza sababu ya ruhusa ile. Nikamwambia wanazuoni wengi wameitaja kuwa ni madhara.

"Na utumbo huu, Shehe, wasipoula hawa atauzoa nani?"

Sikuwa na jibu la haraka, wala sidhani wenye mji wanalo.

Mto wenyewe hauishii hapo. Unaingia Athi, Athi inageuka Galana, kisha Sabaki, na kumwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui. Huko nako wapo wanaohesabu ndege, na wakati wa kusi huwapata wageni watokao Madagascar. Uchafu wa Gikomba na riziki ya ndege wale umeunganishwa na mkondo mmoja.

Kijana hajapata kufika Sabaki. Aliniuliza maji hufika kule yakiwa na rangi gani. Nikamwambia, rangi ya udongo. Akaliandika na hilo, kisha akarudi kufungua robota lake.