Anga la Kalooli

Sogeeni karibu, nyie mnaotaka kurusha droni. Kabla sijawapa rimoti, tazameni juu ya ule mti. Yule ndege mwenye kipara na mfuko shingoni, aliyesimama kama mzee anayesubiri pensheni, Waganda humwita kalooli. Akikunjua mabawa anapita urefu wa baba yako, na uzito wake unaweza kufika kilo 9. Droni ndogo ya kujifunzia ni nyepesi kuliko embe. Wakigongana angani, chini kuna mtu anakaanga rolex, ile chapati yenye mayai, na vipande vitamwangukia yeye.

Mwaka jana mpwa wangu, wa miaka 12, alinijia mbio. "Mjomba! Kaka yake rafiki yangu yuko Dubai, anatuletea droni!" Nikamwambia, mpigie simu sasa hivi, asinunue.

Alinuna. Alidhani ni kama kuletewa mpira. Lakini Uganda huhesabu droni kuwa ndege, na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ina kanuni zake za mwaka 2020. Watu wa ulinzi nao lazima waridhie. Kibali hutangulia, droni hufuata; anayeificha kwenye begi bila karatasi huenda akaiacha uwanjani Entebbe. Kuomba kibali ni kazi ya mtu mzima, na sikufichi, ni safari ndefu. Ila ukipanda kilima cha Kololo, Kampala, ukatazama chini, utaona sababu: ikulu iko Nakasero, kambi ya jeshi iko Mbuya, na helikopta hukatiza juu ya nyumba za watu.

Nchi yenyewe haizichukii droni. Wilaya ya Kalangala ina visiwa 84 ndani ya Ziwa Viktoria. Boti hula petroli nyingi, na ziwa likichafuka haiondoki. Mwaka 2021 droni zilianza kubeba dawa za VVU kutoka kituo cha afya cha Bufumira hadi visiwa vya jirani. Warushaji wale nao walianza na vijiti viwili vya rimoti, kama mpwa wangu.

Yeye alianzia kwenye kompyuta, ambako droni ikianguka haivunji kitu. Kisha tukaazima droni ndogo, tukaingia ukumbini na mwalimu wa kurusha droni. Kijiti cha kushoto huipandisha, huishusha na kuizungusha. Cha kulia huipeleka mbele, nyuma na pembeni. Ikimpa mgongo, kijana alikuwa rubani hodari. Alipoigeuza imtazame, akasukuma kijiti kulia, ikaenda kushoto kwake na kunasa kwenye pazia.

"Imeharibika!" akalia.

Mwalimu akacheka. "Bodaboda anakuja mbele yako, amewasha taa ya kona ya kulia. Anaelekea upande gani wako?" (Kama amewasha, maana Kampala si wote wanaowasha.)

Kijana akafikiri, akageuza mwili kidogo. "Kushoto!"

"Basi panda hiyo boda. Jione umekaa ndani ya droni."

Alirudia siku nne. Katikati, mwalimu alimfundisha mambo ya nje: asiipeleke mahali macho yake hayaioni, asipite mita 120 kwenda juu, asiining'inize juu ya ua wa jirani anayeoga. Asiirushie karibu na rundo la mabati, maana chuma huidanganya dira yake. Wingu jeusi likitokea upande wa ziwa, anaitua. Betri iliyovimba haichajiwi tena, inaweza kuwaka moto.

Siku ya tano akaitua juu ya daftari lake la hesabu, huku imemkabili uso kwa uso. Kurasa zikapepea, akaruka kwa furaha, akataka tumwombe mwalimu siku ya kwenda uwanja wa wazi wenye ruhusa. Nikamwonyesha dirishani: kalooli wawili walikuwa wanazunguka juu ya paa.

"Hao, Mjomba, tutawangoja wapite," akasema, akachomoa betri.