Plagi zimeisha tena? Zisome kabla hujazitupa

Unaijua hiyo hali. Gari linatetemeka ukisimama kwenye taa, ukikanyaga mafuta linakohoa. Fundi anafungua plagi nne, anazipanga kwenye kitambaa na kukuangalia kama daktari mwenye habari mbaya. Ni juzi tu ulizibadilisha! Unalipa, unaondoka ukilaani duka kwamba lilikuuzia feki.

Feki zipo, sikatai. Lakini kama unaendesha Mazda RX-7 au RX-8 iliyoongezwa nguvu, tulia kwanza. Injini yako si kama ya jirani.

Humo ndani hakuna pistoni. Kuna rota mbili zenye pembe tatu, na kila rota ina plagi mbili: ya chini huanza kuwasha, ya juu humalizia. Katika injini ya kawaida, plagi hutakiwa kuwasha mara moja kila shafti ikizunguka mara mbili. Kwenye rota ni kila mzunguko. Shafti ikipiga mizunguko 6,000 kwa dakika, plagi yako inawasha mara 100 kwa sekunde. Ya jirani, mara 50.

Na haipumziki. Kwenye pistoni, hewa baridi inayoingia huipooza plagi kidogo. Kwenye rota, hewa huingilia upande mmoja na moto huwakia upande mwingine, kwa hivyo plagi hukaa kwenye joto daima. Juu ya hayo, kuna pampu inayoingiza oili humo makusudi ili kulainisha sili za ncha za rota. Oili hiyo huungua na kuacha masizi. Yote haya ni kabla hujagusa chochote.

Sasa wewe ukafunga turbo. Presha ikipanda, cheche hupata taabu kuruka mwanya wa plagi. Plagi ikilika, mwanya unapanuka, koili zinazidi kubanwa, injini inaanza kumisi. Aliyekupangia kompyuta ya injini naye huenda alimwaga petroli ya ziada ili kuzuia joto kupita kiasi. Isiyoungua inachafua plagi.

Kuna kosa lingine ambalo wasee hulifanya: kuweka plagi "baridi" za mashindano kwenye gari la kila siku. Kwa NGK, namba ikipanda, plagi inapoteza joto haraka. Ni nzuri ukikimbiza gari. Ukishinda kwenye jam ya Thika Road, haipati joto la kuchoma masizi yake. Halafu za juu na za chini si sawa. RX-8 hutumia RE7C-L chini na RE9B-T juu. Usikubali mtu akuambie zote ni plagi tu.

Kwa hivyo, kabla ya kutupa, soma. Nyeusi na kavu: petroli ni nyingi, au cheche ni dhaifu. Nyeusi na yenye utelezi: oili imezidi. Nyeupe, yenye malengelenge au kauri iliyopasuka: zima gari. Hiyo ni ishara ya joto kupita kiasi, na huenda injini inagonga. Rota haivumilii kugonga. Sili moja ikivunjika, vipande vinakwaruza chemba na injini nzima inafunguliwa.

Mwambie fundi aandike kila plagi ilikotoka, apime mwanya, akague koili, kisha mpangaji wa kompyuta aangalie mchanganyiko wa petroli na hewa. Na ukiwasha gari ili kulisogeza tu pale parking, usilizime likiwa baridi. Liache lipate joto, la sivyo plagi zitalowa petroli.

Najua, seti ya plagi inauma mfukoni. Lakini fikiria hivi: RX-8 ya mwisho ilitengenezwa mwaka wa 2012, na sheria yetu hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika ya zaidi ya miaka 8. Hakuna nyingine inayoshuka Mombasa kesho. Uliyo nayo ndiyo hiyo, na plagi ndiyo sehemu pekee ya injini yako inayotoka nje kukueleza mambo ya ndani. Ukibadilisha tu bila kuuliza, umemfukuza mjumbe bila kusoma barua.