Umeweka Windows Upya na Kompyuta Bado Inazimika? Soma Hii Kabla Hujalipa Tena

Fundi ameweka Windows upya, umemtumia pesa yake kwa simu, umerudi dukani. Siku mbili baadaye skrini inageuka buluu na mteja amesimama hapo akingoja risiti. Wengi hurudi kwa fundi yule yule, Windows inawekwa tena, na pesa inatoka tena.

Ngoja kidogo. Kuweka Windows upya hurekebisha makosa ya programu. Hakurekebishi kifaa kilichoharibika. Tatizo likirudi kwenye Windows mpya, shuku RAM, diski, joto, umeme au draiva isiyofaa mashine yako. Tunakushauri uanze kwa kupima mwenyewe, bure:

1. Historia. Kwenye sehemu ya kutafuta, andika *perfmon /rel*. Siku zenye hitilafu zina alama nyekundu. Jina la programu moja likijirudia, anzia hapo.

2. RAM. Hifadhi kazi yako, kisha andika *mdsched*. Kompyuta itajiwasha upya na kujipima. Ikionyesha makosa na una RAM mbili, fundi atoe moja ajaribu na nyingine.

3. Diski. Kwanza nakili faili zako kwenye flashi. Halafu fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike *chkdsk C: /scan*.

4. Joto na umeme. Inazimika ghafla bila ujumbe wowote? Angalia kama feni inazunguka na kama imejaa vumbi. Jaribu soketi au chaja nyingine.

5. Draiva. Zichukue kwenye tovuti ya kampuni iliyotengeneza kompyuta yako, si popote tu.

Sasa tuje kwa pesa zako. Kompyuta ikizimika katikati ya malipo, usitume tena haraka. Angalia SMS na salio kwenye simu kwanza, kwa sababu huenda malipo yalishapita na utalipa mara mbili.

Ukiona ujumbe kwamba Windows imeharibika na upige namba fulani au ulipe ili ifunguliwe, huo ni utapeli. Ujumbe halisi wa hitilafu wa Microsoft hauna namba ya simu wala hauombi malipo. Usipige, usitume kitu.

Na ukimpelekea fundi mashine, mwambie akuonyeshe kifaa kibovu kabla hujalipa. Mkikubaliana bei, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni lake ndipo uthibitishe, na uihifadhi ile SMS. Itakusaidia kufuatilia tatizo likirudi. PIN yako usimpe, hata akisema anaihitaji kujaribu mfumo. Hakuna kompyuta inayotengenezwa kwa PIN ya simu.