Oili ya gia boksi ya otomatiki: ibadilishwe au iachwe?

Naandika kutoka Morotonga, hapa Mugumu, Serengeti. Leo naomba tuongee kuhusu kitu kinachokula hela za watu kimyakimya, yaani oili ya gia boksi ya otomatiki. Kila gereji ninayopita nakuta ubishi uleule. Fundi mmoja anasema badilisha, mwingine anasema "usiguse kabisa, ukibadilisha tu gia boksi inakufa". Mwenye gari anabaki katikati, hajui amsikilize nani.

Mimi siyo fundi. Ni kijana niliyemaliza kidato cha nne, ila nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji nikiuliza maswali na kusoma vitabu vya magari. Nimeona niliandike hili kwa sababu huku kwetu gari siyo urembo. Mtu kauza ng'ombe, kaongezea na mkopo, kaagiza Noah au Probox iliyotumika Japani ili ibebe abiria. Gia boksi ikifa, gari inalala na marejesho ya mkopo hayalali.

OILI HII INAFANYA NINI?

Kwenye gari ya gia za mkono, oili ya gia boksi kazi yake kubwa ni kulainisha meno. Kwenye otomatiki ni habari nyingine. Injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi kupitia ile toki konveta. Presha yake ndiyo inayobana klachi za ndani ili gia iingie. Inalainisha, halafu inabeba joto kwenda kupozwa, mara nyingi kwenye bomba lililomo ndani ya rejeta. Kwa hiyo oili ikichoka, siyo ulainishaji tu unaopungua. Gia zenyewe zinaanza kuchelewa, kushtuka au kuteleza.

Adui mkubwa ni joto. Kuna kanuni ya makadirio kwamba ukishapita nyuzi joto 80 hivi za oili, kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya oili kwa nusu. Maana yake oili inayofanya kazi kwenye nyuzi 110 inaishi kama moja ya nane tu ya muda wake. Sasa fikiria gari imejaa watu na magunia, inapanda milima ya Tarime, au imenasa kwenye tope la masika na dereva anapiga D, R, D, R akikanyaga mafuta. Hapo oili inapikwa.

ETI NI YA MAISHA?

Ni kweli baadhi ya watengenezaji wa magari wamewahi kuandika kwamba oili haihitaji kubadilishwa. Lakini jiulize, maisha ya nani? ZF ya Ujerumani, ambayo inatengeneza gia boksi za makampuni mengi ikiwemo BMW, yenyewe inashauri oili ibadilishwe kati ya kilometa 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Kama aliyeitengeneza anasema ibadilishwe, sisi ni nani tukatae?

Kwa hizi Toyota za gia nne tulizozoea, makadirio ya kawaida ni kilometa 60,000 hadi 100,000 kwa matumizi mepesi, na nusu yake kwa matumizi magumu. Mizigo, milima na vumbi ndiyo matumizi magumu yenyewe. Kwa hiyo gari ya abiria ya huku mimi naihesabia kilometa 40,000. Ya kwenda nayo kanisani na sokoni inaweza kusubiri zaidi.

Tatizo ni kwamba gari iliyotumika, namba ya kilometa kwenye dashibodi inaweza kuwa imerudishwa nyuma. Ndo maana siiamini sana. Naamini kijiti cha kupimia.

KIPIME KIJITI

Kwa Toyota nyingi zenye kijiti, pasha gari moto kwa kuiendesha, isimamishe mahali tambarare, injini ikiwa inaunguruma pitisha gia zote taratibu, kisha rudisha P. Chomoa kijiti, kifute kwa kitambaa kisafi, kirudishe, chomoa tena usome upande wa moto. Honda nyingi zinapimwa injini ikiwa imezimwa muda huohuo, kwa hiyo soma kitabu cha gari yako.

Dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe. Nyekundu inayoona ndani ni nzima. Ya kahawia imezeeka, panga kubadilisha. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni hatari, klachi zimeshaanza kuungua. Ikiwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia, ama kutoka kwenye rejeta au ulipovuka mto. Hiyo usiiendeshe, ivute gereji, na magurudumu yanayozungushwa na injini yasiguse chini. Injini ikiwa imezimwa pampu haisukumi oili, hivyo gari ikivutwa mbali gia boksi inajisaga kavu.

HUU USEMI WA "UKIBADILISHA INAKUFA"

Haujatoka hewani. Nimemuona dereva mmoja, gari yake ilichelewa kushika R kila asubuhi kwa miezi mitatu. Alipobanwa akabadilisha oili. Wiki mbili baadaye gia boksi ikafa, na kijiwe kizima kikasema oili mpya imeiua. Jamani, ile gari ilikuwa mgonjwa tayari! Watu wengi wanakumbuka oili pale gia zinapoanza kuteleza, na wakati huo klachi zimeshalika. Oili mpya haiwezi kurudisha klachi iliyolika, kama ambavyo chakula kizuri hakioteshi jino lililong'oka.

Kwa hiyo mimi naigawa hivi:

1. Gia zinaingia vizuri na oili ni nyekundu au kahawia: badilisha bila woga, hata kama kilometa ni nyingi.

2. Gia zinaingia vizuri lakini oili ni nyeusi: badilisha kidogo kidogo, usikubali mashine ya kusukuma oili yote kwa presha.

3. Gia zinateleza na oili inanuka kuungua: fungua sampu kwanza. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vya chuma au mabaki mengi meusi ya klachi maana yake weka hela ya matengenezo, usitegemee oili kuiponya.

KUIBADILISHA

Ukifungua nati ya chini, haitoki yote. Nyingi inabaki kwenye toki konveta. Tuseme imetoka asilimia 40. Ukirudia mara tatu, ukiiendesha siku kadhaa katikati, oili mpya inafika karibu asilimia 78. Inatosha. Pima iliyotoka kwa chupa za maji, urudishe kiasi kilekile, kisha hakikisha kwa kijiti. Sampu ikifunguliwa, badilisha chujio na gasketi. Gari isiyo na kijiti, fungua kwanza nati ya kujazia kabla ya kumwaga. Ikigoma baada ya kumwaga, umekwama.

Sasa pa kuwa makini zaidi ni aina ya oili. Noah ya zamani ya 1996 hadi 2001 ni ya Dexron. Iliyofuata, ya kuanzia 2001, ni ya gia nne na inataka Toyota Type T-IV, lakini kuanzia Agosti 2004 ikaja na CVT, ile ya mkanda wa chuma. Probox nayo ikahamia CVT mwaka 2014. Jina ni lilelile, umbo linafanana, oili tofauti kabisa. Ukiweka oili ya kawaida kwenye CVT, mkanda unateleza na kukwaruza, basi imekwisha. Fundi akikwambia "zote nyekundu, zote sawa", funga boneti uondoke. Kwenye kijiti cha Toyota nyingi aina imeandikwa, kisome mwenyewe. Na nunua kopo lililofungwa, siyo ya kupimiwa kwenye chupa.

Mwisho, kwa wenye gia nne: ukipanda mlima na mzigo, bonyeza kile kitufe cha pembeni ya gia hadi taa ya O/D OFF iwake. Gia boksi haitahangaika kupanda na kushuka, na joto la oili litapungua. Ukifika tambarare, rudisha.

Bei ya makopo machache ya oili na bei ya gia boksi ya mtumba hazikaribiani. Kabla hujapakia abiria kesho, chomoa kijiti uangalie rangi. Mwenye gari ya aina nyingine na uzoefu wake, atupie hapo chini tujifunze.

Nawasilisha.