Ukiuza mnadani kwenye intaneti, anza na kasoro

Mnada tunaoufahamu wengi wetu ni ule wa kusimama juani. Mnadi kashika shati juu, sauti imemkauka, nawe unalipokea, unaligeuza, unatazama kwapani kama limechanika, ndipo unataja bei yako. Mnada wa kwenye intaneti hauna jua wala kelele. Lakini pia hauna kushika. Mnunuzi hana macho isipokuwa picha zako, wala hana mikono isipokuwa maneno yako. Hapo ndipo muuzaji mgeni anapojikwaa.

Mdogo wangu aishiye Uingereza alijikwaa hapo hapo. Alitia mnadani kamera ya zamani ya filamu, akaiwekea picha mbili na maneno haya: "Kamera nzuri, inafanya kazi." Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na ukungu kidogo. Aliuona, akanyamaza. Kamera ikapata bei nzuri, naye akafurahi. Haikupita wiki, mnunuzi akailalamikia. Katika minada mikubwa ya intaneti, kitu kisicholingana na maelezo hurudishwa, hata kama muuzaji aliandika kuwa harudishi fedha. Basi alirejesha fedha zote, akalipia posta ya kwenda na ya kurudi. Kamera anayo mpaka leo, na hasara anayo.

Sasa sikiliza kisa kingine. Mwaka 1995, huko California, Marekani, mtaalamu wa kompyuta aitwaye Pierre Omidyar alianzisha mnada ambao baadaye uliitwa eBay. Miongoni mwa vitu vya kwanza kuuzwa hapo ni kitochi chake cha leza, kile cha kuonyeshea maandishi ukutani. Kilikuwa kibovu, na kiliuzwa dola 14.83. Kampuni hiyo husimulia kuwa Omidyar alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa kitu hakifanyi kazi. Akajibiwa kuwa yeye hukusanya vitochi vibovu vya aina hiyo.

Kumbe kasoro iliyotajwa haifukuzi mnunuzi, humleta anayeitaka. Kwa hiyo, kabla ya kuandika sifa, andika ila: mkwaruzo, doa, sehemu iliyopotea. Ipige picha kwa karibu, mchana, penye mwanga. Kama hukukijaribu kitu, sema hukukijaribu.

La pili ni bei ya kuanzia. Usitazame bei ambazo wenzako wanaomba, maana kuomba si kupata. Tafuta orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, uone watu walilipa nini hasa. Kisha elewa jinsi mnada wa eBay unavyopanda. Kila mnunuzi huandika kwa siri kiwango chake cha juu, na kompyuta humpandishia kidogo kidogo pale tu anaposhindaniwa. Tuseme umeanzia dola 10. Mmoja ameweka kikomo cha dola 40, mwingine dola 55. Kitu hakitauzwa dola 55. Kitauzwa kama dola 41 hivi, yaani juu kidogo ya kikomo cha aliyeshindwa. Na kama yule wa dola 40 hakutokea, kitaondoka kwa dola zako 10. Usianzie bei ambayo utalia ukiipata.

Kwa sababu hiyo saa ya kufunga ina uzito wake. Mnada wa mjini hufungwa watu wanapoacha kupandisha. Wa eBay hufungwa saa iliyopangwa, na wanunuzi wengi huvizia sekunde za mwisho. Panga ufungwe jioni watu wakiwa nyumbani, si usiku wa manane wa nchi unayouzia. Wala usimtume rafiki akupandishie bei. Hilo limepigwa marufuku.

La tatu ni mzigo. Upime na kuufunga kabla ya kutangaza bei ya posta, si baada ya kuuza. Soma pia ada za mnada, kwani hutofautiana. Nchini Marekani, kwa mfano, eBay hukata asilimia yake katika jumla yote, posta ikiwemo. Tunza risiti ya posta na namba ya kufuatilia kifurushi, maana bila hiyo huna ushahidi kuwa ulituma.

La mwisho ni matapeli. Mtu akikuambia mmalizane nje ya mnada, kataa. Akidai amekulipa zaidi kwa makosa, na kwamba umrudishie chenji, usitume hata senti. Hakikisha kwanza, kwa kufungua akaunti yako mwenyewe, si kwa kuamini barua aliyokuletea.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika mnada huu, kizuri na kibaya vyote hutembezwa na maneno ya mwenye mali. Na wanunuzi huandika hadharani namna walivyotendewa, maandishi ambayo mnunuzi wa kesho atayasoma kabla ya kutaja bei. Muuzaji mgeni bado hajaandikwa lolote. Mauzo yake ya kwanza ndiyo yatakayomwandikia jina, na jina hilo lina thamani kuliko kamera.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo.