Tope la Maji Machafu na Afya ya Mkulima

Leo twataka kuwaeleza habari za mbolea itokayo katika maji machafu ya miji. Huenda jambo hili likawachukiza baadhi yenu. Walakini lina faida, tena lina hatari, na yafaa mkulima ayajue yote mawili.

Maji machafu ya mji yakifika mahali pa kusafishiwa, uchafu mzito hutuama chini. Uchafu uliobaki huliwa na bakteria wasiotudhuru, nao wakiisha kuongezeka hutuama vilevile. Hilo ndilo tope tunalolinena. Lina naitrojeni na fosforasi, vyakula ambavyo mimea huvihitaji sana.

Lakini mgonjwa hutumia choo kama vile atumiavyo mzima. Viini vya maradhi yake, kama salmonela na shigela waletao homa na kuhara, pamoja na mayai ya minyoo, hushuka na kukaa ndani ya tope. Mkulima amwagaye tope bichi shambani aweza kumlisha mwanawe, katika jani la mboga, ugonjwa wa mtu asiyemjua.

Wala macho na pua si waamuzi wa kutegemewa. Tope lililokauka juu na kuishiwa na harufu laweza kuwa na viini hai ndani yake. Na mayai ya minyoo huweza kudumu udongoni hata miaka.

Dawa yake ni moto na subira. Katika mji wa Milwaukee, Marekani, tangu mwaka 1926 tope hukaushwa kwa moto mkali katika mapipa makubwa yazungukayo, likauzwa kama mbolea. Njia nyingine ni kulilaza katika matuta ya mboji, hata joto la ndani lifike digrii 55 za Selsiasi na kudumu siku 15. Katika siku hizo matuta hupinduliwa mara tano, kwa sababu upande wa nje hubaki baridi, na viini vilivyo huko husalimika.

Mwaka 1993 serikali ya Marekani iliweka sheria yenye daraja mbili. Katika tope la daraja la kwanza, bakteria wa kinyesi wahesabiwao hupasa kuwa chini ya 1,000 katika kila gramu ya tope kavu, au salmonela wawe haba mno. Daraja la pili huruhusiwa hata 2,000,000, lakini hapo subira hushika mahali pa moto. Mifugo haichungwi shambani humo kwa siku 30. Mazao yagusayo udongo juu ya ardhi hayavunwi kabla ya miezi 14. Na mazao ya chini ya ardhi, kama karoti, huweza kungojewa hata miezi 38.

Na tope likiisha kutengenezwa, lisichotwe kwa koleo lililogusa tope bichi, wala lisiachwe mvuani, maana salmonela wachache huweza kuzaana tena. Tena tukumbuke kwamba moto huua viini tu. Hauondoi risasi wala madini mengine yatokayo viwandani.

Basi mtu akikuletea tope shambani, usimwulize bei kwanza. Mwulize: limepikwa kwa joto gani, na kwa siku ngapi? Asipoweza kujibu, usilipokee. Subira yavuta heri, na mazao ya msimu mmoja hayalingani na afya ya nyumba nzima.