Arabuko-Sokoke: Msitu Mmoja, Mitaa Mitatu ya Ndege

Wasee wakiteremka Watamu huwa wanacheki bahari pekee. Manze, geuza macho upande wa barabara ya Mombasa-Malindi. Pale kuna Arabuko-Sokoke, msitu mkavu wa kilomita mraba 420 hivi, kipande kilichobaki cha misitu iliyofunika pwani kitambo.

Wewe unaona msitu mmoja. Kwa ndege hiyo ni mitaa mitatu: miti mchanganyiko, mirihi kwenye mchanga mweupe, halafu Cynometra kwenye udongo mwekundu. Na hawahami ovyo. Bundi wa Sokoke, mdogo karibu urefu wa biro yako, anaishi kwa Cynometra. Mchana anajibanza matawi ya chini, rangi kama majani makavu. Unaweza mpita hivi hivi.

Noma iko hapa. Mtu akiingia kukata hiyo Cynometra apate boriti za mjengo, kwa ramani msitu bado ni kijani, ukubwa ni ule ule. Lakini bundi ashafurushwa keja, na kule kwa mirihi si mtaa wake.

Mnana wa Kilifi ndiye ako na stori ngumu zaidi. Anajitafutia chakula kwenye mirihi, lakini mvua ikinyesha anaenda kutaga kwa vinamasi vya Dakatcha, kaskazini mwa msitu. Viota vyake vya huko vilijulikana 2013 tu! Kwa hivyo hata tukizungushia Sokoke fensi, Dakatcha ikilimwa yote, mnana atabaki na pa kulia bila pa kuzalia.